Bima Ilisema Hapana, Mtaji Ukaondoka: Somo kwa Sisi Tunaouza Mtandaoni

Najua leo lilitakiwa kuwa somo la kupanga bei ya mzigo. Litakuja. Nimeliweka pembeni kwa sababu ndani ya mwezi huu watu watatu wamenitumia ujumbe wakiuliza kitu kile kile: "Dada, nikate bima ya afya ya kampuni, au nibaki hivi hivi, nikiumwa niende hospitali ya serikali?"

Sikutaka kuwajibu kwa sentensi moja, maana mimi niliwahi kujibiwa hivyo na wakala nikaumia. Kaa vizuri, somo la leo ni refu kidogo.

ILIVYONIKUTA

Wengi mnajua nauza mashuka na mapazia. Mwaka ule biashara ilikuwa imechangamka, nikasema na mimi sasa niishi kama mtu mwenye ajira, niwe na bima. Wakala akanifuata dukani, yaani sebuleni kwangu, tukajaza fomu kwenye simu yake huku mimi nafunga mzigo wa mteja wa Dodoma. Alikuwa anasoma maswali haraka haraka. Tukafika kwenye swali la kama nimewahi kuambiwa nina uvimbe wa aina yoyote.

Nikamwambia, "Kaka, miaka miwili nyuma nilipiga ultrasaundi, wakaona kiuvimbe kidogo kwenye kizazi. Walisema tukiangalie tu."

Akajibu, "Aah dada, hivyo wanavyo wanawake wengi. Tusijichoshe." Akaweka hapana. Nikasaini. Nikalipa shilingi 580,000 za mwaka mzima, nikapewa kadi, na kwa furaha nikaipiga picha nikaweka status.

Mwezi wa nane tangu nilipe, nikaanza kutoka damu isiyoisha. Daktari akasema upasuaji usizidi wiki mbili kwa sababu damu yangu inashuka. Hospitali ya binafsi niliyokwenda ikatuma maombi ya kibali kwa kampuni ya bima. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri dada wa mapokezi akaniita pembeni: "Mama, jibu limerudi. Bima wamekataa."

Walitoa sababu mbili. Ya kwanza, ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima na sikuusema. Ya pili, hata ningeusema, upasuaji wa uvimbe wa kizazi kwenye mkataba wangu ulikuwa na kipindi cha kusubiri cha miezi 12. Mimi nilikuwa na miezi minane.

Nilikwenda kuulizia hospitali ya serikali. Gharama ilikuwa chini ya nusu, na walinipokea vizuri tu, ila tarehe ya karibu ilikuwa baada ya wiki saba. Nikarudi nyumbani nikahesabu. Bili ya binafsi ilikuwa 2,900,000. Mtaji wangu mkononi ulikuwa 1,300,000. Kikoba wakanikopesha 450,000. Iliyobaki, 1,150,000, ilikuwa hela ya wateja 11 waliokuwa wameshalipia oda zao.

Nikaitumia. Sijivuni, nawaambia ukweli. Nilipotoka wodini nikampigia mteja mmoja mmoja. Saba wakasema, "Pona kwanza, tutasubiri." Wanne wakataka hela yao, na walikuwa na haki. Mmoja kati yao aliniandika tapeli kwenye kundi lenye watu mia tatu. Ilinichukua miezi sita kumaliza madeni, na jina langu mpaka leo kuna watu hawajalisahau.

KWANINI BIMA YA KAMPUNI INAKATAA

Baada ya hasira kuisha nikaanza kusoma, nikagundua kitu ambacho sisi wa vikoba tunakijua tayari.

Fikiria chama chenu cha kufa na kuzikana. Kama mtu anaruhusiwa kujiunga asubuhi wakati msiba umetokea usiku, kuna atakayechanga mapema? Kila mtu atasubiri apate msiba ndio aje, na chama kitakufa ndani ya miezi miwili. Ndio maana vyama vingi vinasema ukijiunga leo, utaanza kufaidika baada ya muda fulani.

Bima ya kampuni inafanya vivyo hivyo. Kwa kuwa kujiunga ni hiari, inaogopa watakuja wagonjwa peke yao. Kwa hiyo inajikinga kwa njia kama hizi:

1. Kipindi cha kusubiri. Uzazi, upasuaji fulani na magonjwa sugu mara nyingi havilipiwi miezi ya mwanzo.
2. Ugonjwa uliokuwepo kabla. Usipousema, wanaweza kukataa dai lote. Ukiusema, wanaweza kukuongezea ada, kukusubirisha, au kuutoa kabisa.
3. Ukomo. Kadi inaweza kuwa nzima lakini fungu la kulazwa au la meno limeisha.
4. Orodha ya vitu visivyolipiwa, ambayo mara nyingi iko kurasa za nyuma.
5. Kibali. Hata kitu kinacholipiwa kinaweza kukataliwa kwa sababu hamkuomba ruhusa kabla.

Tena kumbuka, chama cha mtaani kinarudisha kilichobaki kwa wanachama. Kampuni inatakiwa ibakishe faida kwa wenye hisa. Simaanishi kwamba ni wezi. Namaanisha kwamba shilingi isiyolipwa kwako ina mtu mwingine anayeisubiri.

HATA KWA MATAJIRI

Msidhani ni shida ya kwetu tu. Marekani, watu wengi wa umri wa kufanya kazi wana bima za kampuni kupitia mwajiri. Anayejiajiri, kama sisi, anajinunulia mwenyewe. Zamani, katika majimbo mengi, mtu wa kujinunulia akiwa na kisukari, au hata mjamzito tu, kampuni iliweza kumwambia hatukuuzii. Mwaka 2010 Rais Barack Obama alisaini sheria iliyobadilisha hilo, na kuanzia 2014 kampuni zikakatazwa kumkataa mtu au kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao kabla.

Hapo kuna jambo la kushika. Kumbe ile "ugonjwa uliokuwepo kabla" iliyoniliza mimi ni kanuni iliyowekwa na watu, na watu wakiamua wanaiondoa.

Lakini kukataliwa hakukuisha, kulihama mlango. Taasisi ya utafiti ya KFF iliangalia bima zinazouzwa kwenye soko la serikali ya shirikisho kwa mwaka 2023. Katika madai ya hospitali zilizo ndani ya mtandao wa bima husika, karibu 1 kati ya 5 yalikataliwa. Waliokataliwa kwa hoja kwamba matibabu hayakuwa ya lazima kitabibu walikuwa sehemu ndogo. Nyingine zilikuwa makaratasi, vibali, vitu visivyomo kwenye mkataba, na fungu kubwa liliandikwa tu "sababu nyingine".

Sasa sikia hii vizuri: waliokata rufaa hawakufika hata mmoja kati ya mia. Na kwa hao wachache waliokata, kampuni ilibadilisha uamuzi kwa zaidi ya 4 kati ya 10. Wengi waliambiwa hapana wakakunja karatasi wakaenda nyumbani.

NA HUDUMA YA KODI JE?

Njia nyingine ni ile ambayo huna kadi ya kampuni wala ada. Serikali inakusanya kodi, inalipa hospitali, wewe ukiumwa unaingia. Mfano unaotajwa sana ni Uingereza. Tarehe 5 Julai 1948, Aneurin Bevan akiwa Waziri wa Afya, walianzisha NHS. Fedha nyingi zinatoka kwenye kodi. Ukihitaji upasuaji hakuna fomu inayouliza kama uvimbe ulikuwepo kabla. Swali ni moja tu: unahitaji?

Lakini hapana ipo, na inaitwa foleni. Lengo lao ni mgonjwa aanze matibabu ndani ya wiki 18 tangu apewe rufaa. Miaka ya karibuni orodha ya wanaosubiri England imepita kesi milioni 7, na wengi wanavuka hizo wiki 18. Kuna pia chombo chao, NICE, kinachopima kama dawa mpya inastahili kulipiwa, na dawa nyingine ghali hazipiti.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wetu wanakumbuka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu kwenye vituo vya serikali hapa Tanzania yalikuwa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Mama yangu anasema hakuna aliyekuuliza hela dirishani. Ila uchumi ulipoyumba miaka ya 80, anasema ulifika zahanati, ukapimwa, ukaandikiwa, kisha ukaambiwa dawa hakuna. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na kuanzia 1993 uchangiaji ukaingia hospitali za serikali.

Kwa hiyo kodi nayo inasema hapana. Inasema kwa rafu tupu na kwa tarehe ya mbali. Zile wiki zangu saba zilikuwa hapana ya aina hiyo.

TOFAUTI NILIYOIONA

Kama zote zinakataa, tofauti iko wapi? Mimi naona sehemu tatu.

Kwanza, inamwangukia nani. Hapana ya bima ilinishukia mimi peke yangu, kwa siku moja, bili nzima. Hapana ya kodi tunagawana: wote tunasubiri kidogo, wote tunakosa kidogo. Mwenye mtaji mdogo anaweza kuvumilia kusubiri kwa jambo lisilo la haraka. Bili ya 2,900,000 kwa siku moja hawezi.

Pili, inakuja wakati gani. Kwenye bima nilishalipa 580,000 ndio nikagundua. Kwenye kodi unalipa kulingana na unachopata na unachonunua, hata usipojijua. Msiniambie hamlipi kodi: kila vocha, sabuni na lita ya mafuta ya bodaboda wako ina kodi ndani. Mnakumbuka tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, tulivyolalamika hapa? Serikali ilieleza kwamba sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga vituo vya afya. Ilituuma, lakini ile ilikuwa huduma ya afya kwa kodi, na sisi wa miamala mingi tulichangia kuliko wengi.

Tatu, unamdai nani. Kampuni inakudai wewe utimize mkataba, na wewe unaidai mkataba. Rafu tupu ni deni la sisi wote kwa serikali. Nchi za Afrika ziliahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nyingi hazijafika. Hilo ni la kuuliza kwa diwani na mbunge, maana dirisha la hospitali halina jibu lake.

Mkiniuliza msimamo wangu, nitasema wazi. Kwa watu kama sisi, wasio na mshahara, mwezi huu una mauzo mwezi ujao huna, napenda mfumo ambao kila mtu anachangia kwa uwezo wake na hakuna anayeulizwa alikuwa na uvimbe gani miaka miwili nyuma. Najua gharama yake: foleni, na kodi ambayo lazima tuilipe kweli, sio kukwepa risiti halafu tukalalamika dawa hakuna. Mwenzangu mmoja ananipinga. Yeye bima yake ya kampuni ilimlipia upasuaji wa mtoto bila kusumbua, tena kwa siku moja, na anasema kwenye foleni ya serikali angempoteza. Simbishii. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa amesoma mkataba, mimi nilikuwa nafunga mzigo.

Kwetu sasa tunaelekea njia ya katikati. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023: wenye uwezo wanachangia, na wasio na uwezo wanagharamiwa na mfuko maalumu. Kukiwa na watu wote ndani, ile hofu ya chama cha kuzikana kwamba watakuja wagonjwa tu inapungua. Ndio maana nashauri msiichukulie kama kelele za wanasiasa. Fuatilieni.

UFANYE NINI LEO

Haya, tuingie kwenye vitendo. Chukua daftari.

1. Kabla hujalipa, iombe kampuni mkataba wenyewe, sio kipeperushi. Tafuta kurasa za visivyolipiwa na kipindi cha kusubiri. Andika kwa mkono wako: "Bima yangu itasema hapana kwa..." Wakala asipokupa mkataba, usimpe hela.

2. Jaza fomu mwenyewe. Kila ugonjwa, kila kipimo, useme, hata wakala akicheka. Kisha piga picha kila ukurasa kabla ya kusaini. Mimi nilipoomba nakala ya fomu yangu, alama za hapana zilikuwa za wakala lakini saini ilikuwa yangu. Saini ndiyo iliyohesabika.

3. Kama una ugonjwa wenye kipindi cha kusubiri, usikae nao kimya. Hili ndilo kosa langu kubwa. Ningejua miezi 12 iko pale, ningepanga foleni hospitali ya serikali mapema, wakati uvimbe bado mdogo na wiki saba hazinitishi.

4. Wakikataa, usikunje karatasi. Omba sababu kwa maandishi, na kipengele cha mkataba walichotumia. Omba daktari aandike kwanini matibabu ni ya haraka. Mimi niliandika barua. Upasuaji walikataa tena, lakini vipimo na kitanda cha usiku wa kwanza walilipa, shilingi 420,000. Nisingeandika nisingepata hata mia.

5. Kuna mlango wa pili ambao sikuujua. Ukishamalizana na kampuni na hujaridhika, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kuna TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini. Malalamiko yaende na nakala zako zote. Ndio maana nasema piga picha.

6. Jua haki zako za upande wa kodi. Kwa sera, kwenye vituo vya serikali, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo. Dawa za kifua kikuu na za VVU ni bure. Kabla hujalipia bima ya mama yako mzee, angalia kwanza kama ana haki hiyo, na kama dawa zake zinapatikana hapo kituoni.

7. Ulizia bima za umma. CHF iliyoboreshwa, kwa mikoa mingi, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Haikukupeleka hospitali ya kifahari, lakini ilikufungulia mlango wa zahanati na rufaa. Nenda ofisi ya NHIF iliyo karibu uulize utaratibu wa sasa, usisikilize ya kwenye makundi.

8. Tenga mfuko wa hapana. Kila mauzo, weka kitu pembeni kwenye laini au akaunti ambayo haina uhusiano na biashara. Hata elfu moja kwa oda. Huu ni wa siku ambayo bima imekataa na foleni ni ndefu.

9. Hela ya oda ya mteja sio yako mpaka mzigo umfikie. Iweke kwenye laini yake. Nimelisema hili mwisho kwa makusudi, kwa sababu deni la kikoba nilimaliza, lakini lile neno "tapeli" bado likitafutwa linaonekana.

Kazi ya kufanya nyumbani: kama una kadi ya bima, leo usiku tafuta mkataba wako, usome sehemu ya visivyolipiwa, kisha uniandikie hapo chini kitu kimoja ambacho hukujua. Kama huna bima, andika zahanati ya serikali iliyo karibu nawe na kitu unachokikosa pale. Tutajumlisha majibu, tuone nani anatudai na sisi tunamdai nani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye kupanga bei. Biashara njema, na afya njema zaidi.